Nenda Ngoliba ukapumzike, lakini usiingie mtoni

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipolala saa nane mfululizo bila kushtuliwa na honi ya matatu, muziki wa baa ya jirani au simu ya mkubwa wako wa kazi? Ikiwa inakubidi ufikiri kwanza ndipo ujibu, basi makala haya yanakuhusu.

Wengi wetu tunaoishi mijini tumezoea kudhani kwamba mapumziko ni shughuli ya watalii. Tunawaona vijana wa Kizungu wakipita katika barabara za Nairobi, kila mmoja amebeba shanta mgongoni kubwa kama gunia la viazi, na tunawacheka kwamba wamekosa kazi kwao. Sisi tukipata likizo tunaenda nyumbani mashambani, ambako mwenye likizo hurejea amechoka kuliko alivyokwenda, maana kuna harambee, kuna karo ya mtoto wa ndugu na kuna kesi ya mpaka wa shamba inayomngoja yeye tu. Siku za kukaa tu, bila kudaiwa neno na mtu, hatuna. Matokeo yake tunayaona katika vyumba vya madaktari: maumivu ya kichwa yasiyoisha, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu kwa watu ambao hawajafika miaka arobaini.

Kwa hivyo nasema wazi tangu mwanzo kwamba mimi si miongoni mwa wale wanaowakataza watu kwenda Ngoliba. Nendeni. Nauli haitakumaliza. Kutoka Nairobi unapanda matatu hadi Thika, kisha nyingine inayoshika barabara ya Garissa. Mashamba ya mananasi yatakusindikiza kwa mwendo mrefu, na mbele yako utauona mlima Kilimambogo umekaa peke yake uwandani, ukipanda hadi zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Maporomoko ya Fourteen Falls ya Mto Athi yako hapo chini ya mlima, mpakani mwa kaunti za Kiambu na Machakos, kiasi cha kilomita 65 kutoka jijini. Maji yakiwa mengi, ngurumo yake huisikia kabla hujayaona. Ukishuka ukakaa kwenye mwamba ulio mbali na ukingo, ukala nanasi lako taratibu, baada ya nusu saa utahisi mabega yameshuka. Si uchawi. Mwili uliokuwa umekazana siku sita umepewa ruhusa ya kulegea.

Ukikaa siku mbili ni bora kuliko moja. Siku ya kwanza akili bado iko ofisini, na utajikuta ukitazama saa. Siku ya pili ndipo unaamka na jogoo, unakunywa chai bila haraka na unakumbuka kwamba una miguu. Itembeze hiyo miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki, na mtu anayepanda mteremko wa Kilimambogo anaweza kuzimaliza dakika hizo kwa siku moja. Mlima huo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1967 na una nyati, ndiyo maana ukaitwa mlima wa mbogo, kwa hivyo ripoti kwanza langoni na uwaulize askari wa wanyama kabla ya kuanza kupanda. Njiani utapita kaburi la William Northrup McMillan, yule tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya Nairobi. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni lakini waliobeba jeneza wakashindwa na mteremko. Nawe ukishindwa hapo usione haya.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Watu wakishapumzika, wakishakula, jua likiwa kali, hutamani maji. Baba anakunja suruali. Watoto wanavua viatu kabla hata hajaruhusu. Wasichana wanaingia hadi magotini ili wapigwe picha. Vijana waliopata chupa mbili tatu wanavua mashati na kujitosa. Hakuna anayefikiria ugonjwa, kwa sababu ugonjwa tunauhusisha na uchafu wa mtaani, si mahali penye miti, ndege na upepo mwanana.

Nami niliwahi kufikiri hivyo, na nililipia, si Ngoliba bali Jinja nchini Uganda. Miaka kadhaa iliyopita mimi na binamu yangu tulifunga mikoba ya mgongoni, tukapanda basi la usiku kutoka Nairobi na kushuka Jinja asubuhi. Tulitaka kuishi kama wale vijana wa Kizungu tuliokuwa tukiwacheka. Jinja, kwa asiyeujua, ni mji mtulivu uliojengwa pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, pahali alipofika John Hanning Speke mwaka 1862 akaandika kwamba amegundua chanzo cha mto, ingawa wenyeji walikuwa wakiuchota maji miaka yote hiyo. Nyumba za zamani za wafanyabiashara Wahindi bado zimesimama barabarani. Tulipanga chumba cha bei nafuu karibu na maji, tukakaa siku tano bila kufanya kitu cha maana. Tulikula samaki. Tulilala mchana. Na kila jioni tuliogelea karibu na matete, ambapo maji yalitulia kama ya birika, tukijisifu kwamba tumekwepa mahali penye mkondo hatari.

Usiku wa kwanza nilijikuna miguu, nikalaumu mbu. Tulirejea Nairobi tumenawiri. Baada ya wiki kama tano hivi nikashikwa na homa, kikohozi kikavu na uchovu wa kunifanya nikae kitako bafuni. Nilikwenda kwenye kliniki moja nikapewa dawa ya malaria. Nikarudi, nikapewa nyingine. Mara ya tatu ndipo daktari mmoja mzee aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza, wala mimi sikuwa nimeona haja ya kulitaja: je, umeoga katika mto au ziwa miezi hii miwili?

Ilikuwa kichocho.

Yafaa ieleweke vizuri jinsi maradhi haya yanavyopatikana, kwa sababu wengi bado wanadhani ni lazima uyanywe maji. La. Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa mgonjwa pamoja na kinyesi au mkojo. Yakifika kwenye maji baridi ya mto, ziwa au mfereji huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humtafuta konokono wa majini wa aina fulani na kumwingia. Ndani ya konokono huyo huongezeka kwa maelfu, kisha hutoka vikiogelea kutafuta ngozi ya mtu. Vikiipata hupenya kwa dakika chache tu, bila jeraha na bila wewe kuhisi kitu. Huwa vingi zaidi jua likiwa juu, yaani saa zile zile ambazo sisi hupenda kuoga. Hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa maana ndiko konokono wanakoishi. Kwa hivyo ile hekima yangu ya Jinja, ya kukwepa mkondo na kutafuta maji matulivu, ilinipeleka mlangoni mwa ugonjwa.

Minyoo ikishakomaa hukaa kwenye mishipa ya damu iliyo karibu na matumbo au kibofu, na inaweza kuishi humo miaka mingi ikitaga mayai kila siku. Mayai yanayokwama mwilini ndiyo huharibu ini, hufura bandama, hutoa damu kwenye choo au mkojo. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakifanya kazi ya kujitolea nchini Malawi walidhurika mfumo wa neva kwa sababu ya kichocho walichokipata Ziwa Malawi, ziwa ambalo wasafiri walikuwa wameaminishwa kwamba fuo zake ni salama. Madhara ya namna hiyo ni nadra. Ugonjwa wenyewe si nadra hata kidogo: Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa ya kuukinga au kuutibu mwaka 2021, na walio wengi sana wako katika bara letu.

Utaniambia, msomaji, Jinja iko mbali na Ngoliba. Haiko mbali kama unavyodhani. Machakos, iliyo ng'ambo ya pili ya mto huo huo, ni mojawapo ya sehemu za Kenya ambako wataalamu wamekifanyia kichocho cha tumbo utafiti wa miaka mingi tangu miaka ya 1980, wakiwapima watoto wa shule waliokuwa wakiteka maji na kuoga mitoni. Mwea, ambayo si safari ndefu kutoka Thika, inajulikana kwa mchele wake na pia kwa kichocho cha mifereji yake. Hakuna mtu awezaye kuyatazama maji kwa macho akakuhakikishia kwamba hayana.

Lakini Mto Athi una mzigo mwingine, na huu haukuletwa na konokono. Tuliuleta sisi.

Fuata maji yanavyokwenda. Mito ya Nairobi, Ngong na Mathare hupita katikati ya mitaa yetu ikipokea kila tunachokitupa: majitaka ya nyumba zisizo na mabomba ya kuyaondoa, mafuta ya gereji za jua kali, rangi na kemikali za viwanda, mizoga, nepi. Mito hiyo hukutana, ikaelekea mashariki na kuingia katika Athi. Hata majitaka yanayopitia mabwawa ya kusafishia yaliyoko Ruai humalizikia humo humo. Kisha Athi huzunguka Kilimambogo na kuanguka pale Fourteen Falls, ambako wewe umekaa na nanasi lako. Lile povu jeupe unaloliona likielea baada ya maporomoko, hasa wakati wa kiangazi, watoto hulifurahia kama sabuni. Wazazi wengine huwapiga picha wakiwa wamelishika. Kwa hakika baadhi yake ni sabuni, ya kwako na ya kwangu, pamoja na mengine tusiyoyataja mezani. Magugumaji yanayoota kwa wingi katika sehemu zenye maji mapole nayo yananenepeshwa na uchafu huo.

Maji ya namna hii huweza kukupa homa ya matumbo, kuhara na magonjwa ya ngozi. Kuyachemsha kutaua vijidudu, lakini hakutaondoa madini kama risasi wala kemikali za viwanda. Mvua ikinyesha sana mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu vyoo vya shimo na mabomba ya majitaka hufurika. Mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, yalitukumbusha pia kwamba mto huu hauna mzaha. Miamba ya pale huteleza na ni hatari hata kwa anayejua kuogelea.

Ukifika utawakuta vijana wa pale wanaoruka kutoka juu ya maporomoko ili wageni wawatupie chochote. Wanaruka vizuri, na umati hupiga makofi. Nimewaona watu waungwana, wenye magari mazuri, wakichangisha noti ili kijana aruke mara ya pili kutoka juu zaidi. Samahani kama nitakukera, lakini mimi naona aibu. Wewe mwenyewe hutaki mwanao atie hata kidole katika maji yale baada ya kuambiwa yana nini, kisha unamlipa mtoto wa mwenzako azame ndani yake akiwa amefumbua mdomo. Ukitaka kumsaidia, mlipe akutembeze, akuonyeshe njia, akubebee mzigo, akusimulie habari za mahali pao. Anazijua kuliko kitabu chochote.

Sisi tunarudi Nairobi Jumapili jioni. Wao hawana pa kurudi. Kuna akina mama wa sehemu hizo ambao mtungi wa maji ya bomba kwao ni kitu cha kununua, na siku pesa zikikosekana mto ndio uliopo. Wakulima humwagilia mboga zao kwa maji hayo, na mboga hizo hazikai Ngoliba, huja sokoni kwetu. Yaani kile tunachokipeleka kwao kupitia mtoni hurudishwa kwetu kwa lori. Mwaka 2022 serikali iliunda Tume ya Mito ya Nairobi, na kabla ya hapo marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira, alionyesha kwamba kipande cha mto katikati ya jiji kinaweza kusafishwa mtu akaketi kando yake. Kwa hivyo jambo hili linawezekana. Ninachopinga ni tabia ya kuupima usafi wa mto pale tu unapopita karibu na ofisi kubwa. Mimi ningependa upimwe Ngoliba, kila mwezi, na majibu yabandikwe langoni mahali ambapo mgeni atayasoma kabla ya kuvua viatu. Na palipo na wageni wengi pawe na mabomba ya kunawia mikono na vyoo vya kutosha, kwa sababu mgeni anayejisaidia kichakani kando ya mto anamlisha konokono.

Basi ufanyeje? Nenda, nimesema. Beba maji yako ya kunywa kutoka mjini au nunua yaliyofungwa vizuri. Nanasi lioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, na kisu pia. Mashua ukiipanda, dai jaketi la kuelea, na usining'inize miguu nje. Ukilazimika kuvuka sehemu yenye maji, vaa viatu vya mpira vinavyofika magotini. Ukilowa kwa bahati mbaya, jifute haraka na kwa nguvu kwa taulo kavu. Husaidia kidogo, ingawa si kinga ya kuitegemea. Unakolala, uliza maji ya kuogea yanatoka wapi. Yakiwa ya mtoni, yawe yamechemshwa, au yawe yamekaa tangini siku mbili kamili, kwani vijidudu vya kichocho visipompata mtu hufa ndani ya muda huo.

Ikiwa umeshaoga tayari, iwe Ngoliba, Jinja, Mwea au kwenye ufuo wa Ziwa Victoria wakati wa arusi ya rafiki yako, usikimbilie duka la dawa kesho asubuhi. Dawa ya kichocho, Praziquantel, ni nzuri na mara nyingi hunywewa siku moja tu kwa kipimo kinachotegemea uzito wako, lakini haiwezi sana minyoo ambayo bado ni michanga. Vipimo navyo vinaweza kukosa kitu vikifanywa mapema mno. Hesabu wiki sita hadi nane tangu siku uliyotoka majini, kisha nenda ukapimwe choo, mkojo na damu, hata kama huumwi. Homa, kikohozi au uchovu vikikushika kabla ya muda huo, usingoje, nenda siku hiyo hiyo. Na ukifika usiseme tu kwamba una homa, utapewa dawa za malaria kama nilivyopewa mimi. Anza kwa kumwambia daktari jina la mto na tarehe.

Binamu yangu, ambaye tuliogelea naye bega kwa bega, hakuwahi kuhisi chochote. Nilimshikilia hadi akakubali kupimwa, akilalamika kwamba nampotezea siku ya kazi. Mayai yalikuwemo.